Nikuandikie Ngapi?

Mwaka 2019, nikiwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri majina ya vyuo, Baba Mdogo alinituma mjini Kahama kununua pedi za breki za mbele za Noah. Alinihesabia shilingi 110,000 juu ya meza, akanipa na pedi moja kuukuu iliyofungwa kwenye gazeti ili muuzaji aone umbo lake, akasema, "Mama, chukua orijino. Wasikudanganye na boksi."

Hakuna aliyenidanganya. Muuzaji alinipangia aina tatu juu ya kioo cha kaunta. Ya kwanza ilikuwa boksi la Toyota, 110,000. Ya pili siikumbuki. Ya tatu ilikuwa boksi la Toyota vilevile, rangi zilezile, maandishi yaleyale, 35,000. "Sista, hizi na zile baba mmoja, mama mbalimbali," alisema, na wenzake wawili waliokuwa wanakunywa kahawa mlangoni wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikanyooshea kidole zile za 35,000. Akazifunga, akavuta kitabu cha risiti, akaniuliza bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama unatia sukari kwenye chai:

"Nikuandikie ngapi?"

Nikasema mia na kumi.

Kwa ile 75,000 iliyobaki, nikiongezea na akiba yangu, nilinunua simu janja ya mtumba. Nimejiambia mara nyingi kwamba niliihitaji kwa ajili ya kuomba mkopo wa Bodi, na ni kweli maombi niliyajazia humo. Ukweli mwingine ni kwamba darasa zima lilikuwa kwenye kundi la WhatsApp na mimi nilikuwa nasimuliwa.

Pedi zikafungwa siku hiyohiyo. Noah ya Baba Mdogo ilikuwa mchomoko, yaani gari la watu wanane linalobeba kumi na wawili, likitoka Kahama kupitia Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, hadi Geita, barabara iliyokuwa ya vumbi, ambayo kiangazi ilikuwa inakupaka rangi na masika ilikuwa inakufanya usukume. Zile pedi zilidumu miezi mitano. Ajali haikutokea. Nilikwenda chuo, nikasahau, au nikajizoeza kusahau. Sijui kama kuna tofauti.

Nilikumbuka Novemba 2024, nikiwa mwezi wa pili wa shahada ya uzamili Dar es Salaam, kwenye semina ya maadili. Tulipewa kusoma makala ya Thomas Nagel kuhusu kile ambacho yeye na Bernard Williams, mwaka 1976, walianza kukiita kwa jina ambalo sisi darasani tulilitafsiri kuwa bahati ya kimaadili. Swali lao ni hili: inawezekanaje tumhukumu mtu kwa jambo ambalo halikuwa mikononi mwake? Na mfano mmoja wa Nagel, kati ya mifano yote ya dunia hii, ni wa breki. Dereva amepuuza kukagua breki zake. Mtoto akitokea barabarani na gari lisisimame, dereva huyo atakuwa ameua, na atajilaumu maisha yake yote. Mtoto asipotokea, dereva huyohuyo, kwa uzembe uleule, atakuwa na kosa dogo tu la kujilaumu kidogo, kama lipo. Tofauti kati ya wauaji na watu wema waliosahau kwenda gereji ni mtoto ambaye dereva hakumpanga.

Mwalimu aliuliza nani darasani ana gari. Mikono miwili ikainuka. Wa kwangu ulikuwa chini ya meza umeshika simu, si ileile, ile ilishakufa zamani, lakini nilihisi kama ni ileile.

Nilichoandika kwenye daftari usiku ule hakikuwa hoja ya semina. Niliandika kwamba dereva wa Nagel ana raha. Ana gari lake, breki zake, uzembe wake. Kosa lote linakaa ndani ya mtu mmoja, na kazi ya falsafa ni kulipima tu. Huku kwetu kosa la breki halina mwenyewe. Lina tajiri mwenye gari, lina dereva anayepeleka hesabu, lina fundi, lina muuzaji, lina binti aliyetumwa. Ukimtafuta dereva wa Nagel kwenye barabara ya Kakola utakuta kikao.

Kabla ya kurudi kwenye kikao hicho inabidi niseme pedi ni kitu gani, maana nilipofanya nilichofanya sikujua, na kutojua kwangu kulinisaidia sana.

Pedi ya breki ni bamba la chuma lililogandishwa tabaka la mchanganyiko wa unga wa madini, nyuzi na gundi. Ukikanyaga breki, pedi mbili zinabana diski kama vidole viwili vinavyobana sarafu. Basi. Lakini chukua Noah iliyojaa, tani mbili na ushee, kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kuisimamisha ni kuugeuza mwendo wote ule uwe joto, na joto hilo linatosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji yaliyotoka mtungini. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na vipande vinne vya pedi za mbele ambavyo vyote unaweza kuvibeba kwa mkono mmoja. Pedi nzuri inalivumilia joto hilo, safari baada ya safari. Pedi mbovu ikipata moto gundi yake inaungua na kutoa gesi, msuguano unashuka, na dereva anakanyaga kitu kigumu kama jiwe huku gari likiendelea kwenda.

Hesabu yake inatisha kuliko maelezo. Tuseme gari moja linaweza kupunguza mwendo wa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita, na jingine mita 5. Kutoka kilomita 80 kwa saa, la kwanza litasimama baada ya mita 35 na la pili baada ya mita 49. Mita 14, unaweza kusema ni uwanja wa nyumba. Lakini igeuze hesabu: pale lilipokwisha kusimama gari la kwanza, gari la pili linapita likiwa bado na kilomita 43 kwa saa. Niliipiga mara tatu kwa kalamu, nikitumaini nimekosea mahali.

Sasa, orijino ni ipi? Neno hili tunalitumia kama vile maana yake iko wazi. Kwenye maduka ya spea ya Kahama na Shinyanga utasikia ya Japani, ya Dubai, ya China, orijino, orijino kabisa, na orijino yenyewe. Utasikia pia, na watu wenye akili zao wataapa, kwamba mtumba uliong'olewa kwenye gari lililokufa Japani ni bora kuliko kipya cha boksi. Kwa vitu vingi huenda wana haki. Kwa pedi iliyokwishalika sijui kama ni hekima au ni mapenzi.

Nilichojifunza baadaye kilinivuruga zaidi. Kwanza, kampuni ya gari kwa kawaida haitengenezi pedi inazoziita zake. Toyota wana wagavi, akiwemo Advics, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2001 na Aisin, Denso, Sumitomo Electric na Toyota wenyewe, na kuna wakongwe kama Akebono waliokuwepo tangu 1929. Kwa hiyo hata pedi ya asili ni pedi ya mtu mwingine iliyobatizwa. Namba yake inaanza na 04465 kama ni ya mbele, na jina kwenye boksi ni la aliyeagiza, aliyeweka masharti na aliyekubali kuulizwa. Pili, zipo pedi za majina mengine kabisa ambazo si feki hata kidogo. Chini ya kanuni ya Umoja wa Mataifa inayojulikana kama R90, pedi mbadala ya gari dogo inatakiwa kupimwa dhidi ya ile ya asili na isipishane nayo utendaji kwa zaidi ya asilimia 15. Ikifaulu inapigwa mhuri wa herufi E ndani ya duara. Tatu, pembeni mwa pedi nyingi kuna herufi mbili, kama EE, FF au GG, zinazotaja kiwango cha msuguano, ya kwanza pedi ikiwa na joto la kawaida na ya pili ikiwa imechemka. F, kwa mfano, ni kati ya 0.35 na 0.45.

Na nne, ambayo ndiyo inayoziua hizo tatu: mashine inayochapa boksi la uongo inaweza kuchapa pia 04465, inaweza kuchapa E ndani ya duara, na herufi FF haziigharimu wino zaidi ya EE.

Hapa ndipo ninapoifikiria dhahabu. Nimekulia katikati yake: Bulyanhulu upande huu, Geita upande ule, na kati yao maelfu ya wachimbaji wadogo. Sijawahi kuona watu wenye mashaka kama wanunuzi wa dhahabu. Hata kama aliyeleta ni shemeji yake, ataichoma, ataiwekea tindikali, ataipima hewani halafu ataipima ndani ya maji, kwa sababu dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji na shaba haifiki hata mara 9, na maji hayana undugu na mtu. Mwaka uleule wa 2019, mwezi Machi, Geita lilifunguliwa soko la madini, na humo kuna mashine inayoimulika tembe ya dhahabu kwa miale na kusoma kilichomo kabla hujamaliza salamu. Yaani katika ukanda huuhuu ambapo hakuna mtu anayepokea gramu moja ya dhahabu kwa kuamini neno, kila mtu anapanda gari kwa kuamini neno.

Siku za kwanza nilidhani hiyo ni kejeli tu, ile aina ya jambo unaloliweka kwenye hadithi ili wasomaji watikise vichwa. Kisha nikaona kuna sababu. Uasili wa dhahabu umo ndani ya dhahabu. Haijalishi aliyeichimba ni nani, mwizi au mchungaji, Geita au Afrika Kusini; ikipita majini imepita. Uasili wa pedi haumo ndani ya pedi kwa namna ambayo mimi, wewe au muuzaji tunaweza kuuona kaunta. Kuipima pedi kwelikweli ni kuichosha, kuichemsha, kuibana mpaka ishindwe, na hilo huku kwetu linafanyika mahali pamoja tu, nako ni barabarani, na vifaa vya maabara ni abiria. Kwa hiyo inabidi kuegemea jina. Unaponunua orijino unanunua unga na chuma, ndiyo, lakini zaidi unanunua mtu wa kumwuliza. Kuna mlango mahali fulani duniani ambao, kipande hiki kikishindwa, unaweza kugongwa.

Ndiyo maana sidhani kosa langu lilikuwa kununua kitu cha bei rahisi. Pedi ya 35,000 ingeweza kuandikwa jina lake yenyewe, ikauzwa kama ya 35,000, ikafungwa na dereva anayejua kwamba ni ya 35,000, naye akaondoa mguu kwenye mafuta mapema kidogo anapoona ng'ombe. Umaskini si uongo. Na hapa lazima nikubali hoja ambayo wenzangu wa semina waliisema vizuri kuliko mimi: tukisema kila mchomoko uvae pedi za 110,000 au uegeshwe, gari nyingi zitaegeshwa, na mama mjamzito wa Kakola usiku wa mvua hatauliza kuhusu herufi FF. Breki mbovu zinaua, na kukosa gari kunaua pia, ila kukosa gari hakuandikwi kwenye taarifa ya polisi.

Mimi nilifanya kingine. Niliondoa mtu wa kuulizwa. Niliposema "mia na kumi", karatasi ikawa na jina la Toyota, bei ya Toyota, na nyuma yake hapakuwa na Toyota. Hapakuwa na yule wa China aliyezitengeneza pia, maana yeye hakuwa amejitaja. Kama siku ile pedi zingeshindwa, na mtu akaufuata ule uzi kutoka kwenye gurudumu kwenda nyuma, kuuliza nani alisema kitu hiki kitasimamisha watu kumi na wawili, uzi ungeishia kwenye mkono wangu. Kwa miezi mitano, nikiwa na miaka 20, bila kiwanda wala maabara, nilikuwa mtengenezaji wa breki.

Nchi inayo sheria ya mambo haya. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, Tume ya Ushindani ndiyo inayopambana na bidhaa bandia, na Shirika la Viwango lina kazi yake ya kupima. Lakini sheria ya alama, kwa jina lake tu, inaanza na mwenye alama. Aliyeibiwa kwanza ni mwenye jina. Yule bibi aliyeketi kiti cha nyuma na kuku wake wawili miguuni, ambaye hakuwahi kuingia dukani na asingeijua pedi hata ikimwangukia, yeye hana alama iliyoibwa. Dhahabu feki inamwibia aliyeinunua. Pedi feki inamwibia ambaye hakuwepo wakati wa kununua.

Tuna msemo wetu hapa katikati, na nimeusikia kwenye kila msiba wa barabarani niliowahi kuhudhuria: ajali haina kinga. Sipendi kuusema vibaya, maana nimeona unavyomshika mkono mama aliyefiwa. Kwake ni blanketi. Lakini msemo huohuo ukitoka kwenye mdomo wa mwenye gari unakuwa koti la kujificha. Nagel angesema sote tumekwishakubali kwamba bahati inatuhukumu. Huku kwetu bahati inatusamehe pia, na haraka zaidi. Nani alikuwa ananilaumu mimi? Hakuna. Hakuna aliyekufa.

Desemba 2024 nilirudi Kahama kwa likizo na nikaamua kusema. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, kidogo ya Kiswahili cha chuo. Baba Mdogo alikuwa ameketi chini ya mwembe anasafisha plagi kwa brashi ya waya. Nilimwamkia, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia: zile pedi za mwaka 2019 hazikuwa orijino. Nilijua. Niliweka 75,000 mfukoni.

Hakuinua kichwa. "Najua, mama."

Nilimwuliza tangu lini.

"Fundi aliniambia siku ileile. Alizishika tu akasema, bosi, hizi nyepesi."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

Hapo ndipo aliponitazama, na akaanza kucheka kicheko ambacho hakikuwa cha furaha. Kumbe tajiri alimpa 150,000. Yeye alitoa 40,000 akalipia deni la dukani, akanipa mimi 110,000. Angenifokea, ningelia; ningelia, mama yangu angeuliza; angeuliza mama, habari ingefika kwa tajiri, na tajiri angetaka kujua kwa nini anaambiwa mia na kumi wakati alitoa mia na hamsini. Kwa hiyo alikaa kimya. Fundi naye alikaa kimya kwa sababu alishalipwa ufundi, na kwa sababu gari lilikuwa na abiria wanasubiri. Tajiri, nadhani, alilala usingizi mzuri akijua amenunua bora. Laki na nusu ilitoka kwake ikapita mikono minne, na kwenye gurudumu ikafika elfu thelathini na tano.

"Na uliendesha hivyohivyo," nikasema. Sikuwa na haki ya kusema, lakini nilisema.

"Mwezi wa kwanza niliendesha polepole. Nilikuwa najua. Nikiona kilima nashusha gia." Akapuliza plagi. "Baadaye nikazoea."

Hoja yangu nzuri, ile ya kwamba pedi rahisi isiyodanganya ingemfanya dereva awe mwangalifu, iliishia pale. Yeye alijua. Kujua kulimtosha wiki nne.

Nilimwuliza kama kuna kilichotokea katika miezi ile mitano. Alisema hapana. Kisha akasema, mbuzi. Jioni moja kabla ya Kakola, gari limejaa, mbuzi waliingia barabarani, akakanyaga, gari likaenda. Mbuzi mmoja. Mwenyewe alitaka laki, wakapatana 60,000, na abiria wakachangia maneno tu.

Sikumwuliza mbuzi wale walikuwa na nani. Nyuma ya mbuzi kuna mchungaji, na mchungaji wa mbuzi huku kwetu ni mtoto wa miaka minane au tisa mwenye fimbo ndefu kuliko yeye, anayekimbia kuwarudisha. Baba Mdogo naye hakusema. Tulikaa kama dakika mbili, yeye na plagi yake, mimi na mita zangu kumi na nne.

Nilikuwa nimekwenda na 75,000 kwenye bahasha. Nilidhani ataikataa, kama wazazi wanavyokataa kwenye filamu. Aliipokea, akaihesabu, akasema, "Pedi zenyewe zimekwisha tena. Twende." Siku hizi gari ni la kwake, Noah nyingine, ile ya kwanza tajiri alishaiuza.

Tulikwenda duka jingine, ingawa maduka yale yamepangana kiasi kwamba ukikosea mlango hutajua. Boksi la Toyota lilikuwa limepanda bei kuliko mifuko yetu. Muuzaji, kijana wa rika langu, akashusha na nyingine ya 85,000, ya jina ambalo si la kampuni ya gari, yenye E yake ndani ya duara na jina la mwagizaji limebandikwa chini ya boksi, pamoja na mji aliopo. Niliigeuzageuza. Nilisoma herufi za pembeni. Nilijua vizuri kwamba kila nilichokuwa nakisoma kinaweza kuchapwa na mtu yeyote, na bado nilisoma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa ulimi bila kuwa daktari. Mwishowe nilimwuliza kijana kitu kimoja: zikiwa mbaya, nakuja kwa nani? Akasema, "Unakuja kwangu, dada. Nitakwenda wapi?" Sikuwa na kipimo kingine. Baba Mdogo akaongezea 10,000 yake juu ya 75,000 yangu.

Kijana akavuta mashine ya risiti, kisha akasita, akamtazama Baba Mdogo jinsi madereva wanavyotazamwa.

"Mzee, nikuandikie ngapi?"

Baba Mdogo alichelewa kujibu. Nilimwona anafikiri, na sijui alifikiri nini, maana safari hii hapakuwa na tajiri wa kumdanganya isipokuwa yeye mwenyewe.

"Andika uliyopokea," akasema.

Kesho yake nilipanda naye kwenda Geita kumsalimia shangazi. Nilikaa mbele, katikati yake na mama mmoja aliyepakata mtoto wa kama mwaka mmoja. Mama yule alikuwa anaongea na simu tangu tunatoka stendi, ugomvi wa kiwanja, sikuuelewa wote. Kabla ya Kakola ng'ombe waliingia barabarani, wengi, na Baba Mdogo akakanyaga. Gari likasimama. Mtoto akayumba mbele, mama akamrudisha kifuani kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukabaki na simu sikioni, anaendelea kueleza mpaka wa kiwanja ulipokuwa.